Niambie jicho lako limekwenda wapi

Wiki hii nimeletewa swali na dada mmoja wa Kisauni. Nimelifupisha kidogo lakini maneno ni yake:

"Shikamoo mwalimu. Tuna grupu letu la picha, tuko watu 16, wengi tunatumia simu, watatu ndo wana kamera. Kila Ijumaa kila mtu apost picha yake ya wiki na wengine wakoment. Shida ni kwamba koment zote ni emoji ya moto tu, kali sana, noma. Mwezi uliopita nikamwambia kijana mmoja ukweli, kwamba picha yake ya ngalawa na machweo rangi zimezidi, akakasirika akatoka kwa grupu na sasa watu waniona mimi nina roho mbaya. Wiki hii nami nikapost mzee akishona nyavu karibu na soko la samaki Mji wa Kale, nikapata moto 11, na mmoja akaniambia mstari wa bahari haujanyooka, na picha yenyewe haina hata bahari. Sasa sijui picha yangu ni nzuri ama mbaya. Tufanyeje tukosoane bila kugombana, na mtu ajifunze kitu? Picha nimeambatanisha."

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuleta picha yenyewe, manake wengi waniuliza kuhusu picha bila kunionyesha picha na hapo huwa sina la kusema. Ntakujibu kwa urefu kwa sababu hili jambo laniuma, nshaona magrupu ya vijana hapa Mombasa yakianza na hamu kubwa, watu watoka alfajiri kwenda kuvizia jua Mama Ngina, kisha mwezi wa tatu wa nne grupu lishakuwa la kutumiana salamu za Ijumaa na matangazo ya viatu. Watu bado wapenda picha, lakini mtu akipost hapati chochote cha kuondoka nacho, apata moto tu, na moto hata mtoto wa miaka mitatu aweza kubonyeza.

Jibu lenyewe nalisema mapema kisha ntalieleza. Mkitaka kukosoana na mkaendelea kukaa pamoja, acheni kabisa kusema picha ni nzuri au ni mbaya, kila mtu aeleze tu macho yake yamefanya nini alipoiangalia. Yameingia wapi kwanza, yakaenda wapi, yakakwama wapi, yakatokea wapi. Bas. Mengine yote ntakayosema hapa chini ni kusaidia hilo lifanyike.

Nasema hivi kwa sababu mwenye picha hawezi kuiona picha yake. Wewe ulipokuwa pale sokoni ulisikia harufu ya papa mkavu, ulisikia mzee akikohoa, jua lilikuchoma shingo, labda ulikaa nusu saa ukiogopa kumuomba ruhusa, na yote hayo yako kichwani mwako kila ukiifungua ile picha, wewe waiona sku yote. Sie tulioko nje twaona mstatili tu. Kwa hivo kitu cha thamani kubwa ambacho mwenzako aweza kukupa ni macho yake ambayo hayakuwa pale, na akikwambia "kali sana" amekunyima hayo macho, na akikwambia "mbaya" pia amekunyima. Alafu kuna hili, ukimwambia mtu rangi zako zimezidi atakubishia, atakwambia ndivyo jua lilivyokuwa siku ile, na mtabishana mpaka kesho. Lakini ukimwambia jicho langu limekwenda moja kwa moja kwa ile rangi ya chungwa juu, likakaa hapo, hata ngalawa sikuiona mpaka nilipoangalia mara ya pili, hapo atabisha nini? Hawezi kukwambia jicho lako halikwenda huko.

Mie nilifunzwa hili na mzee mmoja aliyekuwa na studio Makadara, wakati huo bado twachapa kwenye chumba cha giza na kazi yangu ilikuwa kubeba mataa na kufagia. Alikuwa akiitoa picha kwenye maji, bado yatiririka, aishika kwa pembe mbili aigeuza kichwa chini miguu juu, kisha aniuliza, jicho lako limekwenda wapi? Sku moja ilikuwa picha ya bibi harusi, nami nikajibu haraka haraka kwa heshima, limekwenda kwa bibi harusi. Akasema, sema kweli. Nikaangalia tena. Ukweli ni kwamba lilikwenda kwa kitasa cha mlango nyuma yake, kilikuwa cha shaba na taa yetu imekipiga kikawa chang'aa kuliko uso wa mtu. Hakunigombeza, na hakusema picha imeharibika. Alirudi mahali pale tulipopigia, akasogeza taa kiasi cha hatua moja, akaniambia simama hapo nione. Kile kitasa nakiona mpaka leo kila nikiingia kwenye chumba cha kupiga picha, ndicho kitu cha kwanza nakitafuta. Na huo ujanja wa kugeuza picha kichwa chini ufanyeni kwenye simu zenu, ukigeuza hivo huoni tena "mzee" au "jahazi", waona tu wapi kuna mwanga, wapi kuna giza na kipi chavuta.

Sasa tuje kwa picha yako, nikuonyeshe kwa vitendo.

Niliifungua kwanza nikaiacha ndogo kama stempu, manake picha ikiwa ndogo jicho halidanganyiki na vitu vidogo vidogo. Jicho langu likaenda kwa ule mtungi wa manjano kwenye pembe ya kulia. Samahani, najua hukuuona. Manjano ile imekolea na iko ukingoni kabisa, kwa hivo jicho laenda pale na kutoka nje ya picha. Nikalirudisha kwa nguvu, likaenda kwa kanzu ya mzee, na hapo likapotea, kanzu imekuwa jeupe tupu, hakuna mkunjo, hakuna uzi, ni kama karatasi imekatwa ikabandikwa. Nikatafuta mikono, kwa sababu ukiniambia mtu ashona nyavu nataka kuona mikono, lakini mikono imefichwa na rundo la nyavu. Nikawa nataka kutoka.

Kisha nikashuka chini, na hapo ndo nikasimama. Mguu wa kulia wa mzee. Ameikamata nyavu kwa kidole gumba cha mguu, kaivuta mpaka imekazika, yale matundu yamefunguka sawasawa kama wavu wa goli, na kile kidole kimejipinda kwa nguvu, ukucha wake mnene, kisigino kimepasuka kwa chumvi. Mwanangu, hicho kidole ndo picha. Kimenieleza miaka ya huyo mzee kazini kuliko uso wake. Nimekaa na hicho kidole dakika kadhaa. Lakini kwenye picha yako kiko chini kabisa, kidogo, nusu kimekatwa na fremu, kwa sababu ulisimama wima ukapiga kutoka juu kama watu wengi tunavyofanya tukiona haya, twataka kupiga haraka twende.

Umeona sasa? Sijakwambia picha ni nzuri wala mbaya, na nadhani wajua vizuri kabisa ukirudi pale utafanya nini. Utakaa chini. Utasogeza mtungi, au wewe mwenyewe utasogea kidogo kushoto mpaka mtungi utoke. Na utaishughulikia ile kanzu.

Ya kanzu niiseme kidogo kwa sababu huku kwetu ni tatizo la kila wiki, na hakuna anayelieleza kwenye grupu. Kamera, iwe ya simu au ile kubwa, haijui kanzu ni nyeupe wala buibui ni jeusi. Inachojua ni kukadiria mwanga ili kile inachokipima kitoke kijivu cha katikati, wenyewe husema kijivu cha asilimia 18. Mzee wako alikuwa amekaa mbele ya mlango wenye giza, simu ikaona giza lile kubwa ikafikiri mahali pote pana giza, ikaongeza mwanga, na kanzu iliyokuwa juani ikaungua. Dawa yake ni kugusa kanzu kwenye skrini, ushikilie kidole mpaka simu ifunge kipimo hapo, kisha uteremshe kile kialama cha jua mpaka mikunjo ya kanzu ianze kuonekana. Uso utakuwa na giza kidogo, usiogope, giza waweza kulipandisha baadaye ukiediti, lakini jeupe lililoungua halirudi, hakuna kitu mle ndani cha kurudisha. Na buibui vile vile, ukimpiga mama aliyevaa buibui amejaa fremu nzima simu itajaribu kulifanya buibui kuwa kijivu, kwa hivo hapo pia teremsha, la sivyo jeusi lachujuka na uso wang'aa kama umepakwa unga. Na mkiwa na mtu wa kanzu na mtu wa buibui pamoja, watoeni juani muwapeleke kwenye kivuli cha uchochoro, Ndia Kuu na vichochoro vyake vina kuta nyeupe zinazorudisha mwanga laini sana, hata saa saba mchana wapata uso mzuri.

Yule aliyekwambia mstari wa bahari haujanyooka na bahari haipo, usimchukie. Amejifunza maneno mawili matatu ya kukosoa na huyatumia kila mahali, kama vile wengine wanavyoshika ile kanuni ya kugawa picha mara tatu, kitu kikuu kikae kwenye mstari si katikati, wakaifanya kama aya. Nakubali bahari ikiwepo mstari wake lazima unyooke, bahari ikiinama hata nyuzi moja jicho lahisi maji yatamwagika, lakini hilo ni jambo la sekunde tano kwenye kuediti. Mkitumia nafasi yote ya koment kwa vitu vya sekunde tano, kidole cha mguu kitapita hivi hivi na hakuna aliyekiona. Mpe kazi ya kueleza macho yake utaona atasema mengine kabisa.

Haya, tuje kwa namna ya kuendesha mambo, kwa sababu nia peke yake haitoshi.

La kwanza na naliona kubwa kuliko yote, mwenye picha anyamaze. Apost picha bila maelezo, bila "huyu ni mzee fulani nilimkuta amekaa na historia yake ni hii". Anyamaze mpaka watu watatu washaeleza macho yao. Ukitoa hadithi kwanza, watu watakosoa hadithi, watasema maskini mzee, mashallah, na picha yenyewe hakuna aliyeitazama. Wale watatu wakimaliza, ndo mwenye picha aseme alikuwa ataka nini. Hapo ndo panapokuwa patamu, manake mtu atasema "mie nilitaka muone upweke" na watatu wote walikuwa wameona mtu amepumzika kwa raha, na hakuna aliyemtukana mwenzake lakini kila mtu ameona pengo liko wapi. Na akishasema, asijitetee. Aseme ahsante. Kujitetea ndiko kunakofanya wiki ijayo watu wasiseme kitu.

La pili, 16 ni wengi. Picha 16 kwa wiki na kila mtu akoment zote, hiyo ni koment 240, hakuna mtu mwenye kazi na watoto atakayefanya hivo kwa moyo, ndo maana mwapata moto. Jigaweni wanne wanne, kila wiki mchanganye upya, na kila mtu ana deni la picha tatu tu za wenzake wa fungu lake. Deni, nasema hivo makusudi. Asiyelipa deni wiki hiyo hapost wiki ijayo. Na koment iwe voisi noti ya dakika moja, nimeona kwa sauti watu husema kweli zaidi na kwa upole zaidi, maandishi yana ukali ambao mwandishi hakuukusudia.

Mambo ya bando na ubora niyapitie haraka. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida yaibana, picha iliyokuwa pikseli 4000 upande mmoja yashuka mpaka karibu 1600, kwa hivo mtu akikwambia picha yako haina ukali huenda akosoa WhatsApp. Tumeni kama dokumenti, au HD kama bando ni dogo. Ila mjue dokumenti yaenda na kila kitu ndani yake pamoja na mahali picha ilipopigwa kama simu imewashwa hiyo kitu, basi kama ni nyumbani kwa mtu izimeni kwanza. Na kabla ya kulaumu kamera, futeni lenzi. Hapa kwetu hewa ina chumvi na jasho, vidole vyagusa lenzi ya simu sku nzima, kisha mtu apiga dhidi ya jua apata ukungu mweupe kote afikiri simu imezeeka. Kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi chatosha. Ukitoka ofisini kwenye AC ukaingia nje, subiri kidogo, lenzi huota mvuke.

Sasa kwa yule kijana. Ulichosema kilikuwa kweli, nakuamini. Lakini ulikisema kama hukumu na ulikisema mbele ya watu 15, na sisi wa huku Pwani wajua haya ilivyo, mtu aweza kuvumilia jambo kubwa faraghani asivumilie dogo barazani. Mwandikie peke yake. Usimuombe msamaha kwa kuwa na macho, muombe radhi kwa namna ilivyofika, kisha muulize, ulipopiga ile picha ulikuwa wataka mtu aone nini kwanza? Umsikilize. Nadhani atakwambia ngalawa. Hapo mwambie jicho lako lilikwenda wapi. Na umueleze kwamba huku karibu na ikweta jua lashuka wima, ile rangi nzuri ni ya dakika chache tu na simu huiongeza yenyewe kabla hata hujagusa filta, kwa hivo akiongeza tena juu yake maji yatoka kama juisi ya maembe. Ajaribu kuiondoa rangi yote aiweke nyeusi na nyeupe kwa muda, kama ngalawa bado yaonekana vizuri basi picha ipo, arudishe rangi pole pole. Kama imepotea, rangi ndo ilikuwa yabeba kila kitu. Mie nilipoteza kijana mmoja hivo hivo miaka ya nyuma, nilimwambia mbele ya wenzake kwamba picha zake ni za postikadi, na zilikuwa za postikadi kweli, lakini aliweka kamera kabatini na sikumuona tena akipiga. Nikikutana naye Marikiti twasalimiana vizuri, na kila mara nasikia vibaya.

Kuna jambo la wazee pia. Grupu zetu zina watu wa rika zote, na mzee akipost picha vijana wote wasema mashallah mwalimu, hakuna anayethubutu. Hili haliondoki kwa kuwaambia vijana wawe majasiri. Laondoka mzee mwenyewe akianza, apost picha yake ambayo anajua ina tatizo, aseme nyamazeni na mashallah, kila mtu aniambie jicho lake lilikwama wapi. Akifanya hivo wiki mbili tatu, wengine watafuata. Kama admini wenu ni mtu mzima muombe kwa heshima aanze yeye. Na ile njia ya kueleza macho yasaidia hapa, kwa sababu kijana hahitaji kumwambia mzee amekosea, amwambia tu, mwalimu, mie jicho langu lilikwenda kwa waya wa stima.

Kama mna mchezo wa kuchagua picha ya wiki kwa kuhesabu moto, nawaomba muuache. Najua wapendeza na watu huufurahia. Lakini nimekaa kwenye makundi haya miaka mingi na picha inayoshinda ni ile ile, machweo yenye jahazi, au uso wa mzee wenye mikunjo ulioediti mpaka mikunjo imekuwa mitaro. Mtu aliyepiga sufuria ya mahamri kwa mwanga wa dirisha hapati kura, basi wiki ijayo naye aenda kutafuta jahazi. Mkitaka kumtuza mtu, kila mmoja ataje picha moja ambayo yeye mwenyewe angetamani kuipiga, na aseme kwa nini, sentensi mbili. Hapo hata sufuria yapata mtu wake.

Badala ya kura jipeni jambo moja la kuangalia kwa mwezi mzima. Mwaka 1932 kule California wapiga picha kina Ansel Adams na Edward Weston na wenzao walijiita Group f/64, jina lenyewe ni la tundu dogo la lenzi ambalo hufanya vitu vya karibu na vya mbali vyote vitoke vikali, na walikuwa wamekubaliana ukali huo ndo wanaoutafuta. Sisemi muwaige, sie tuna mwanga wetu na watu wetu, lakini angalia faida yake, mkiwa wote mwatafuta kitu kimoja mwaona haraka nani amekipata na vipi. Nyie anzeni na mikono. Mwezi mzima mikono tu, ya muuza kahawa akishika dele na vikombe, ya hamali wa mkokoteni, ya mama akisukuma chapati, ya makanga akihesabu noti. Wenye simu mjue ile lenzi ya kawaida ni pana, ukisogea sana mkono wa mbele wawa mkubwa kama wa jitu, rudi nyuma hatua mbili utumie zumu ya mara mbili. Na wale watatu wenye kamera wasiwatishe kwa bei ya lenzi, kidole cha yule mzee kilipigwa kwa simu.

Kitu kimoja sitaki mkibishanie hata kidogo, nacho ni picha za watu. Picha za kesha na za kupamba, za harusi za wanawake ndani ya ukumbi, haziingii kwenye grupu la kukosoana, hata kama mwanga ulikuwa wa ajabu na hata kama bibi harusi ni dadako. Hiyo ni amana. Watoto pia, picha ya mtoto ambaye mzazi au mlezi wake hakukubali isiingie. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 yahesabu picha ya mtu kuwa ni habari zake mwenyewe, na grupu la watu 16 si mfukoni mwako, ikishaingia pale yaweza kufika popote. Na pale feri na bandarini msitoe kamera bila kuuliza wahusika, mtaharibiwa sku yenu bure.

Najua utaniuliza mtu atajuaje kama amepiga hatua. Kwa kurudi. Watu wapost wiki hii, wakosolewa, wiki ijayo waleta kitu kingine kabisa mahali pengine, na yale waliyoambiwa yaishia hewani. Mie ningeweka sheria kwamba picha moja kati ya kila tatu iwe ni ya kurudia, mahali pale pale, mtu yule yule ikiwezekana, na ziletwe zote mbili kando kwa kando. Sisi wa Mombasa tuna bahati hii, kisiwa ni kidogo, mahali ulipopiga jana waweza kurudi kesho kwa tuktuk. Kama ni picha ya ufukweni hesabuni maji kujaa na kupwa, kila siku yachelewa kama dakika 50, kwa hivo ukirudi kesho saa ile ile hutakuta maji yale yale, lakini ukirudi baada ya wiki mbili hivi, bamvua kwa bamvua, yaani maji makuu kwa maji makuu, wayakuta karibu sawa na mwanga wakati ule ule. Wavuvi wayajua haya bila kalenda, waulizeni.

Na mkosoaji mmoja mmemsahau nyote, naye ni mtu aliyemo kwenye picha. Zamani hapa Mombasa mtu hakupigwa tu, aliingia studio akijua ataka kuonekana vipi. Marehemu N. V. Parekh alikuwa na studio yake mjini hapa katikati ya karne iliyopita, na wateja walikuja na nguo zao, na mapozi yao kichwani, picha ile waliitengeneza wote wawili. Hata yale mabanda ya wapiga picha pale Likoni feri miaka ya 90, yenye mapazia ya kuchorwa na maua ya plastiki, mteja alichagua mwenyewe asimame mbele ya nini, na picha ikitoka alisema pale pale kama yampendeza. Sisi wa sku hizi twapiga mtu akishona nyavu yake, twaondoka, na watu 16 waijadili kanzu yake asijue.

Kwa hivo wiki hii fanya hivi. Ichape ile picha yako kwa karatasi, ile ndogo ya sentimita 10 kwa 15 yatosha, uende nayo Mji wa Kale asubuhi kabla ya saa mbili maana baadaye mwanga wa pale huwa mkali. Mpe mzee kwa mikono miwili. Usimueleze lolote kuhusu mtungi wala kanzu, mwache aitazame, na uangalie yeye mwenyewe jicho lake laenda wapi. Kisha muombe ruhusa ya kukaa, na akikubali kaa chini kabisa, usawa wa ule mguu, usubiri mpaka avute nyavu tena. Zote mbili nitumie, kama dokumenti.